Vifurushi vya Askari Waliokuwa Ng'ambo, na Mikono Iliyovifunga



Baada ya hesabu za fedha na habari za mikutano, tumeona vema kuweka katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka habari moja ya kale inayotuhusu sisi wa Dundori. Mtu akitaja vifurushi vya askari wa Vita Kuu ya Pili, wengi wetu huwafikiria mara moja mabibi wa Kizungu waliofuma soksi na sweta katika nyumba za mashamba. Kazi hiyo ilifanyika, wala hatuna nia ya kuipunguzia heshima. Lakini mzigo mkubwa kuliko huo ulitoka katika nyanda hizi, na mikono iliyoufunga haikuandikwa katika daftari lo lote la shukrani. Hiyo ndiyo habari tunayotaka kuieleza.

Hatuna budi kuanza na vita ya kwanza, ya 1914 hadi 1918. Katika vita ile watu wetu wengi hawakupewa bunduki, bali walipewa mizigo ya kubeba vichwani. Jina la kikosi chao limebaki katika midomo ya watu hata leo, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Ugonjwa wa tumbo uliwamaliza kwa sababu ya chakula wasichokizoea, na unga usioiva kwa kukosa kuni, sufuria na nafasi. Basi mtu asidhani kwamba kumpelekea askari kitu cha kumfaa ni jambo la anasa. Penye jeshi, kifurushi kinachofika na kisichofika ni habari ya uhai na kifo.

Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, vijana waliingia Keya na vikosi vingine. Kutoka Kenya pekee walikwenda Waafrika wapatao 98,000. Walipigana Ethiopia, na Addis Ababa ilichukuliwa mwezi wa Aprili 1941. Mwaka 1942 wakavuka bahari kwenda Madagaska. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, yenye alama ya kifaru, ilipelekwa Ceylon, na mwaka 1944 ikaingia Burma kupigana na Wajapani. Ilipita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katika matope yaliyozamisha magari na malaria iliyowaangusha watu kuliko adui. Kwa kuwa barabara hazikupitika, chakula na dawa viliangushwa kutoka ndegeni kwa miavuli. Mwanzo wa Desemba 1944 askari hao walifika Kalewa, kando ya mto Chindwin.

Je, askari aliye katika matope yale alitaka nini kutoka nyumbani? Kwanza kabisa alitaka habari. Alitaka kujua kama mama yu hai, kama mvua zimenyesha, kama mbuzi wameongezeka, na kama mchumba hajaolewa na mwingine. Kwa hiyo barua ilikuwa kifurushi cha thamani kupita sigareti na sabuni. Magazeti nayo yalisaidia. Gazeti la Baraza lilianza Nairobi mwaka 1939, na kwa askari waliokuwa Asia jeshi lilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Heshima. Gazeti moja lilisomwa na mmoja na kusikilizwa na wengi.

Lakini kwa watu wa mashamba ya Bonde la Ufa kupeleka barua hakukuwa jambo jepesi. Katika majimbo ya Waafrika yalikuwako mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa tangu miaka ya 1920, ambayo yangeweza kukusanya michango na kusema kwa niaba ya watu. Maskwota wa Dundori, Bahati na Subukia hawakuwa na baraza la namna hiyo. Walihesabiwa kuwa wafanyakazi wa shamba la bwana fulani, na kwa kawaida barua zao zilipita katika mkoba wa barua wa shamba hilo. Mzazi asiyejua kusoma alimtafuta kijana wa shule amwandikie. Huko jeshini barua ilifunguliwa na mkaguzi kabla ya kufika. Basi maneno ya mama kwa mwanawe yalipita mbele ya macho ya watu wengi, na mengine ya moyoni hayakusemwa kabisa.

Kisha kulikuwa na bahari. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Ceylon, ikiwachukua watu zaidi ya 1,500, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 ya mwezi huo nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldives, nayo ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Pia tusisahau kwamba mara nyingi kitu kilikuja nyumbani badala ya kutoka. Askari wengi walikatiwa sehemu ya mshahara wao ili wapewe wazazi na wake zao. Kwa njia hiyo aliyekuwa vitani ndiye aliyeisaidia nyumba.

Sasa tufike kwenye mzigo tulioutaja mwanzo. Mmea wa pareto uliletwa Kenya katika miaka ya mwisho ya 1920, nao ukapenda baridi ya nyanda zetu za juu. Ua lake jeupe lina dawa inayoua mbu, chawa na inzi. Kabla ya vita Japani ndiyo iliyouza pareto nyingi duniani. Wajapani walipoingia vitani Desemba 1941, Uingereza na Marekani zilikosa pareto hiyo, na macho yao yakaelekea Kenya. Pareto ikawa mali ya vita. Ilitiwa katika dawa za kupuliza, na Waamerika waliitia katika makopo madogo ambayo askari aliyafungua ndani ya hema, mbu wakafa.

Je, ni nani waliochuma maua hayo? Pareto haichumwi kwa mashine. Huchumwa ua moja moja kwa vidole, nayo hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa maana maua hayafunguki siku moja. Kazi hiyo ilifanywa zaidi na wanawake na watoto wa maskwota, wakiwa wameinama tangu umande wa asubuhi, kwa ujira mdogo. Maua yalikaushwa, yakatiwa katika magunia, yakapelekwa kwa reli hadi pwani. Kopo lililofunguliwa katika hema la askari halikuwa na jina la mama ye yote. Hata hivyo, hicho nacho kilikuwa kifurushi kutoka nyumbani, na katika nchi ya malaria hatukijui kilichofaa kupita hicho.

Kadhalika huko Karatina na Kerugoya, viazi na mboga za wakulima zilikaushwa katika viwanda vya wakati wa vita ili zilishe majeshi.

Twapaswa kusema kweli yote. Tangu 1942 Serikali iliruhusu Waafrika kulazimishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mazao ya vita, na pareto ilikuwa miongoni mwa mazao hayo. Mwaka 1943 mvua zilikosekana, mahindi yakapungua, na njaa ikaingia, ile ambayo Wakikuyu waliiita njaa ya mianga, yaani ya muhogo. Kwa hiyo kulikuwa na mama aliyechuma pareto mchana na kulaza watoto usiku kwa chakula kidogo, huku mwanawe yu Burma. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini kile kinachotolewa kwa amri hakiwezi kuitwa zawadi. Sisi twakiita deni. Zawadi hushukuriwa, bali deni hulipwa.

Nalo halikulipwa upesi. Sheria ya maskwota ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, iliwapa wenye mashamba uwezo wa kupunguza mifugo ya wafanyakazi na kuongeza siku za kazi, na baada ya vita ilikazwa zaidi. Askari Wazungu walifanyiwa mpango wa kupewa mashamba katika nyanda hizi, na askari Waafrika hawakuhesabiwa humo. Waruhiu Itote, aliyekuwa Burma na baadaye akajulikana kwa jina la Jenerali China, ameeleza katika kitabu chake cha 1967 jinsi alivyoanza huko vitani kujiuliza anapigania nini. Ardhi ilianza kufunguliwa kwa wingi tangu 1962, kwa Mpango wa Ekari Milioni Moja. Kwa wazee wengi waliochuma pareto wakati wa vita, ilikuwa imekawia mno.

Leo ukishuka kutoka Dundori kwenda Nakuru wapita Lanet, penye kambi ya jeshi. Vijana wa Kenya wangali wakipelekwa nje ya nchi, na mama zao wangali wakingoja habari. Chama chetu kinaweza kujifunza mambo mawili. La kwanza, aliye mbali apewe kwanza habari za nyumbani, maana hizo hazigharimu kitu, nazo hazina badala. La pili, msaada uandikwe pamoja na jina la aliyeutoa, awe mwanamume au mwanamke, mkubwa au mtoto.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wote watazame katika masanduku ya wazee wao. Mwenye barua ya vita, medali, picha au kitabu cha askari amwonyeshe katibu, kiandikwe, kisha arudi nacho nyumbani. Na mwenye kumbukumbu ya mama au bibi aliyechuma pareto katika miaka ile alete jina lake pia. Katika daftari letu majina hayo yote yataandikwa katika ukurasa mmoja, wale waliokwenda na wale waliobaki.