Ukuta Mweupe, Baraza Lenye Giza

Mapema Machi, na tena mapema Oktoba, jua la Unguja hupita utosini. Siku hizo vichochoro vya Mji Mkongwe hugawika sehemu mbili. Ukuta uliopakwa chokaa huwaka hata macho yakafumba, na hatua tatu kutoka hapo baraza limezama gizani. Jicho la binaadamu huzoea hali zote mbili kwa muda mfupi. Filamu haina uwezo huo. Mpiga picha hulazimika kuchagua sehemu moja na kuiacha nyingine ipotee, na naamini kwamba uchaguzi huo, uliorudiwa kwa zaidi ya miaka mia, umeathiri sana namna tunavyoijua Unguja ya kale.

Mwaka 1860 Kapteni James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha hapa kisiwani, soko la watumwa likiwamo. Zana zake zilikuwa sahani za kioo zilizopakwa dawa, ambazo ilibidi zipigwe na kusafishwa zingali mbichi. Katika joto letu dawa hukauka upesi mno. Grant akafanya kazi hiyo ndani ya hema dogo lililozibwa nuru, na baadaye huko bara Speke akamtaka aache, kwa kuhofia kuwa joto la hema lingemuua. Tangu hapo Grant akashika penseli.

Sahani za zama hizo zilikuwa na kasoro nyengine isiyosemwa sana. Ziliona buluu na kuwa pofu kwa nyekundu. Mbingu ya kaskazi ikatoka nyeupe tupu bila wingu, kanga nyekundu ikatoka nyeusi, na ngozi ya hudhurungi ikatoka na weusi uliozidi wake wa asili. Sasa mchukue mtu huyo, umkalishe chini ya roshani saa sita mchana, kisha upime mwanga wa jumba jeupe lililo nyuma yake. Atakuwa doa. Katika postikadi za Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, nguzo zaweza kuhesabika moja moja ilhali waliokaa kivulini hawatambulikani. Wateja walitaka majumba. Walioonekana vyema ni wale waliokuwa na fedha na wasaa wa kuingia studio, kama ile ya A. C. Gomes, ambamo nuru ilitawaliwa. Hamali wa bandarini hakuwa na wasaa huo.

Msomaji mwenye jamaa Maskati ataniuliza: mbona picha za jangwani, penye jua kali kuliko letu, zina nyuso? Swali zuri. Baina ya 1945 na 1950 Mwingereza Wilfred Thesiger alisafiri Rub al Khali kwa ngamia, akibeba kamera ya Leica na filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Vijana waliofuatana naye, Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha, twawajua kwa sura hadi leo. Jangwani mchanga wenyewe ni kioo: hurusha nuru kutoka chini, ikaingia hata chini ya kilemba. Taabu ya jangwa ni kinyume cha yetu. Adhuhuri vilima vya mchanga hukosa kivuli, vikawa bapa kama karatasi, na mpiga picha hungoja alfajiri au magharibi ili mistari yake irudi. Sisi twakimbia kivuli, wao wakitafuta. Lakini tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba Thesiger aliishi na wale aliowapiga.

Hapa kwetu aliyeishi na mji ni Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mwanawe Rohit akaiendeleza. Aliyezoea vichochoro hivi hujua kungoja jua lishuke, ukuta wa pili urudishe nuru barazani. Hujua pia kanuni ya chumba cha giza: pima kivuli, kisha punguza muda wa kusafisha ili ukuta usiungue. Kanuni hiyo ina sababu. Ukuta uliopokea nuru nyingi huwa mweusi kwenye negativu, lakini umo. Kwa subira utatokea karatasini. Kivuli kisichopata nuru ya kutosha huacha filamu wazi. Hakuna dawa, wala kompyuta ya leo, iwezayo kurudisha uso ambao haukuandikwa.

Oktoba moja nilitia roli kwenye kamera kuukuu, nikaenda Mkunazini. Mzee mmoja alikuwa barazani akipunga upepo kwa kipepeo. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa, nikapiga mara mbili, mara moja kwa kipimo cha ukuta na mara moja kwa kipimo cha uso wake. Nilipompelekea picha zote mbili alizitazama kwa muda. Katika ya kwanza kila ufa wa chokaa ulionekana, na pahala pake palikuwa na shimo jeusi. Katika ya pili ukuta ulikuwa umeungua mweupe, naye amekaa na kipepeo chake.

“Hii ya kwanza,” akasema, “mpe mwenye nyumba.”