Mustang Haikufika Mbeya, Land Rover 109 Haijaondoka

Aprili 1964 ilikuwa na mambo. Tarehe 17, huko New York, Ford waliizindua Mustang. Siku tisa baadaye, tarehe 26, Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Pontiac nao walikuwa na GTO, modeli ya 1964, gari ambalo wapenzi wengi wa magari ya misuli ya Kimarekani wanasema ndilo lililoanzisha mchezo wote: injini kubwa ya V8 kwenye bodi ya gari la kawaida, nguvu farasi 325, na bei ambayo kijana wa kule mwenye ajira angeweza kuisogelea.

Leo kijana wa Mwanjelwa ana picha ya Dodge Charger nyeusi ya mwaka 1970 kwenye simu, ile ya kwenye filamu za Fast & Furious. Anajua injini yake, anajua nani anaiendesha, anajua hadi mlio wake. Ukimuuliza kuhusu Land Rover iliyolala nyuma ya nyumba ya babu yake kule Umalila, ile ambayo kuku wanatagia ndani, atasema ni mkweche tu. Kumbe yule babu alipokuwa na umri kama wake, hakuna gari lililokuwa na heshima kuzidi hilo kutoka Iringa mpaka Tunduma.

Wapo wanaodhani misuli ya Kimarekani haikuwahi kujaribiwa huku. Ilijaribiwa, na ilichapwa. Kwenye mashindano ya East African Safari ya Pasaka 1964, Ford wa Marekani walileta timu ya Mercury Comet zenye injini za V8. Walikuja kwa kishindo. Mbili tu ndizo zilizofika mwisho, tena nyuma kabisa huko, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina, kagari kadogo ka Kiingereza. Mwaka uliotangulia, 1963, yalianza magari 84 yakamaliza saba tu, na mshindi alikuwa Peugeot 404. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya wakashinda na Volvo iliyokwisha kutumika, mtumba kabisa. Kisha Peugeot 404 ikachukua tena 1966, 1967 na 1968, mfululizo. Ndiyo maana wazee wakitaja Peugeot wanataja kama wanamtaja mchezaji.

Barabara za Afrika Mashariki zilikuwa na kipimo chao. Marekani waliuliza gari linatoka taa ya kijani kwa kasi gani. Huku swali lilikuwa moja: litafika?

Na hakuna mahali swali hilo liliuma kama kati ya Iringa na Mbeya. Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, ikabanwa koo. Njia kubwa iliyobaki ilikuwa Dar es Salaam, na kati ya Dar na mpaka wa Tunduma kuna zaidi ya kilomita 900. Sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yakaanza kupanda Kitonga, yakapita Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, Mbeya, yakarudi na shaba. Wazungu waliiita safari ya jehanamu, na kwa mara moja hawakutia chumvi. Malori yaliteleza, yaliwaka moto, yaliingia bondeni. Mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya pamoja ya Zambia na Tanzania yenye malori ya Fiat na matela yake. Madereva na mautingo wa malori yale walikuwa ndio mastaa wa wakati huo. Hawakuwa na wafuasi mtandaoni, ila kila kituo walikuwa na mtu anayewasubiri.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi 1968 na kupunguza mzigo. Barabara ikajengwa upya kwa lami, kwa sehemu kubwa kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia, huku Wachina wakijenga reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa 1976. Ukitaka kucheka, cheka hapo: Marekani haikuleta Mustang Nyanda za Juu Kusini, ilileta lami.

Lakini lami ilikuwa mstari mmoja tu. Ukitoka barabara kuu kwenda Makete, Ileje, Kilolo, Umalila au kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, unaingia kwenye udongo mwekundu na milima. Huko ndiko Land Rover ilikotawala.

Na hata Land Rover ina damu ya Kimarekani kwa mbali. Waingereza walioibuni walianza kwa kuitazama Jeep ya vita ya Willys, wakaona nao watengeneze ya shambani. Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 30, 1948. Chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, na za mwanzo zikapakwa kijani cha rangi iliyobaki kwenye ndege za kivita. Yaani gari lililozaliwa kwa shida. Pengine ndiyo maana lilizoea shida.

Namba 109 inayotajwa kwa sauti nzito vijiweni ni inchi tu, umbali kutoka katikati ya tairi la mbele hadi la nyuma. Toleo la pili lilitoka 1958, la pili A 1961, la tatu 1971, na uzalishaji wa hilo la tatu ukaisha 1985. Injini ya petroli ya lita 2.25 haikufika hata nguvu farasi 80. Weka pembeni ya GTO yenye 325, ni aibu. Ila GTO haina gia ndogo ya kupandia mlima kwenye utelezi, wala haina hendeli ya kuzungusha kwa mkono betri ikifa. Land Rover ilikuwa nazo zote mbili.

Udhaifu wake nao ulijulikana. Kwenye matoleo ya zamani, hafushafti za nyuma zilikuwa zinakatika kama miwa dereva akilazimisha gari kwenye tope. Dereva mjanja alitembea na ya akiba chini ya siti. Ikikatika anafungua boliti sita za kwenye habu, anaivuta nje, anaingiza nyingine. Na kama hana, anaunganisha gia ya matairi ya mbele, gari linajivuta lenyewe mpaka nyumbani. Jambo hilo kwenye magari ya leo yenye kompyuta ni ndoto.

Halafu ikaja njaa ya spea. Baada ya vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, nchi haikuwa na fedha za kigeni. Kulikuwa na kipindi ambapo gari binafsi halikuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kubana mafuta. Huko Marekani nako magari ya misuli yalikuwa yamekwisha kufa, yameuawa na bima ghali, sheria za moshi na kupanda kwa mafuta kwa 1973. Tofauti ni kwamba Mmarekani alipoona gari lake linakunywa sana alinunua dogo. Mtu wa Njombe, ambayo wakati huo ilikuwa bado mkoa wa Iringa, hakuwa na la kununua. Alikuwa na lile lile.

Hapo ndipo fundi alipokuwa mfalme. Bushi zikachongwa kwa tairi chakavu. Springi zikaongezwa majani kutoka kwenye lori. Chesi iliyooza, maana bodi ya aluminiamu haishiki kutu lakini chesi ni chuma, ikachomelewa vipande mpaka haijulikani kipi cha kiwandani na kipi cha gereji. Hakuna aliyeviandika vitabu hivyo. Vilikaa kichwani mwa wazee wenye ovaroli, na wengi wao wameshazikwa navyo.

Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao binafsi. Polepole Wajapani wakaingia: Hiace, Hilux, Land Cruiser, na spea kila duka. Land Rover ikapoteza cheo. Ikabaki milimani, ikibeba viazi, mbao, pareto na watu juu ya viazi. Na ili iendelee kuishi ikabidi ipandikizwe moyo wa mwingine. Injini ya Kiingereza ikatolewa, ikawekwa dizeli ya Kijapani, Isuzu au Toyota, yoyote iliyopatikana.

Sasa ndiyo ugomvi wa siku hizi. Miaka ya karibuni watu wa mjini wameanza kuyatafuta magari haya. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover kwa lengo la kuvunja rekodi ya dunia ya msafara mrefu, na picha zake zilijaa mtandaoni. Baada ya hapo 109 si mkweche tena, ni dili. Jamaa anapanda mlima na gari la kiyoyozi, anafika kijijini, anamkuta mzee.

“Shikamoo mzee. Hii unauza?”

“Marahaba. Nikikuuzia, viazi nitabeba na nini?”

Kisha anafungua boneti, anaona injini ya Isuzu, anakunja uso. Anataka orijino. Anataka kabureta yake, taa zake, hata sailensa ya kiwandani. Mzee anamshangaa, kwa sababu gari lenye kila kitu cha mwaka 1969 lingekuwa limeshakufa tangu 1982.

Wapenzi wa Mustang kule Marekani wana ugomvi huohuo. Wanaita namba zinazolingana: injini, gia boksi na chesi vyote vilivyotoka pamoja kiwandani, na bei inapanda kwa hilo. Kwa Mustang ina mantiki, maana ilikaa gereji na ikatoka Jumapili. Kuipeleka kanuni hiyo Umalila ni kutolielewa gari. Injini ya Isuzu ndani ya 109 ni sehemu ya historia yake, kama kovu kwenye mguu wa beki wa zamani. Anayeing'oa ili gari lifanane na picha ya kiwandani anafuta miaka arobaini ya kazi.

Hata hivyo, huyo wa orijino si adui mkubwa. Angalau ananunua gari libaki gari. Adui ni mizani ya chuma chakavu. Bodi ya aluminiamu inauzwa kwa kilo, inayeyushwa, inatoka sufuria. Mtu aliyechoka kutunza gari la marehemu baba yake, ambalo halina hata kadi, hawezi kusubiri mpaka atokee mwenye mapenzi. Na bila kadi yenye jina, mirathi ikiwa haijafunguliwa, hata huyo mwenye mapenzi anakimbia. Ndugu sita wanagombana nani asaini, gari linazama kwenye majani.

Anayetaka kuagiza Mustang ya 1967 naye ajipange. TRA wanatoza zaidi gari likiwa la zamani, usukani wa Mustang za wakati ule uko kushoto, na chini iko karibu na barabara kiasi kwamba tuta la kwanza la Uyole litaipiga tumbo. Kwa nusu ya nusu ya hela hiyo, kuna 109 nyuma ya nyumba ya babu. Itahitaji chesi kuchomelewa, breki zote upya, waya zote upya, na siku mbili za kuwatoa kuku. Fundi wa kuifanya bado yupo, mmojammoja, Mbalizi, Ipogolo, Mafinga. Wengi wamepita miaka sabini, na vijana waliopo gereji kwao wanajifunza kusoma kompyuta ya Vitz.