Baraza la Idi katika Jumba la Unguja

Wafanyabiashara Waswahili waliofika Mumias katika karne ya 19, safari ya siku chache tu kutoka Mulanda, walitoka katika pwani ambayo fahari yake kubwa ilikuwa Unguja. Huko Unguja siku ya Idi ilikuwa na jambo lake: mlango wa jumba la Sultani ulifunguliwa, na watu wakaingia kumpa mkono wa Idi.

Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, ameieleza Idi ya zama za baba yake, Sayyid Said, katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka wa 1886. Ametaja mizinga iliyolia, wanawake wa jumba waliojipamba, na zawadi nyingi zilizogawiwa. Mtoto wa mfalme huona uzuri kuliko gharama; walakini habari yake ni ya thamani, kwani upande wa wanawake wageni wanaume hawakuuona kamwe.

Zama za Sayyid Barghash, 1870 hata 1888, baraza lilikuwa na taratibu iliyojulikana. Wageni waliketi kwa kufuata ukuta, kila mtu kwa cheo chake. Ililetwa kahawa katika vikombe vidogo, kisha sharbati, na aliyekwisha kunywa sharbati alijua kuwa wakati wa kuaga umewadia. Ukarimu huo husifiwa, na ni haki usifiwe. Lakini katika nchi hiyo hiyo utumwa ulitambuliwa na sheria hata mwaka wa 1897, na kuingia mlangoni si sawa na kuketi karibu na kiti cha mfalme.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga majumba ya Sultani kwa mizinga, katika vita visivyotimiza saa moja. Likajengwa jumba jingine, na desturi ikaendelea. Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala 1911 hata 1960, alipokea mikono ya raia zake, na pia ya wakubwa wa Kiingereza, ambao ndio hasa waliokuwa na amri ya nchi.

Kisha yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, siku chache kabla ya Ramadhani. Sayyid Jamshid bin Abdulla aliondoka kwa meli. Idi iliyofuata, katika Februari, ilikuta jumba halina mwenyewe. Wako waliofurahi kuwa hapana tena mfalme wa kwenda kuinamiwa. Wako pia waliokuwa matangani kwa jamaa zao waliouawa, wala hawakuwa na moyo wa kumpa mtu yeyote mkono wa Idi.

La ajabu ni kwamba baraza lenyewe halikufa. Rais wa Zanzibar naye huwa na Baraza la Idi na kutoa hotuba, ila mara nyingi limefanyika katika kumbi za umma, pengine Unguja, pengine Pemba. Sayyid Jamshid alirejea Oman mwaka wa 2020, akafariki huko tarehe 30 Desemba 2024. Jumba lililo ufukweni lilifanywa makumbusho mwaka wa 1994, na wageni wa nchi za mbali wakaupita mlango ule kwa kulipa kiingilio.