Taa ya Injini na Moshi wa Los Angeles

Julai 1943 moshi mzito uliwafunika wakazi wa Los Angeles, ukawachoma macho na koo. Wapo waliodhani Wajapani wameshambulia mji kwa gesi ya sumu. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndipo Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi, alipoonyesha kilichokuwa kikitokea: mvuke wa petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni hupigwa na jua, ukazaliwa ule ukungu. Magari yalikuwa watuhumiwa wakubwa. California ilipounda bodi yake ya hewa mwaka 1967, yeye akawa mwenyekiti wa kwanza.

Taa ya injini kwenye dashibodi chimbuko lake ni hapo. Wenye magari wengi huamini iliwekwa kwa ajili yao, kumbe iliwekwa kwa ajili ya mapafu ya majirani. Ndiyo maana huweza kuwaka gari likiwa linakimbia vizuri kabisa. Msimbo wa hitilafu P0420, kwa mfano, unasema tu kwamba kigeuzi cha ekzosi (catalytic converter) hakisafishi moshi inavyotakiwa.

Masharti ya moshi yalipokazwa, kabureta ilishindwa kupima mafuta kwa usahihi uliotakiwa, nafasi yake ikachukuliwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Kuanzia magari ya toleo la 1988, California ikaagiza kompyuta hiyo ijichunguze yenyewe na kumjulisha dereva. Ila kila kampuni ilikuwa na soketi yake na lugha yake. Waliotengeneza Toyota za zamani wanakumbuka: unaunganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha unahesabu taa inavyopepesa. Mara mbili, kituo, mara moja: 21, sensa ya oksijeni.

Vurugu hiyo ilipungua mwaka 1996, Marekani ilipolazimisha soketi moja ya pini 16 na misimbo ya pamoja kwa magari yote madogo mapya. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Leo kifaa cha bei nafuu na simu vinatosha kusoma msimbo, na hapo ndipo makosa ya gharama yanapoanzia.

Chukua P0171: hewa imezidi mafuta. Anayesoma namba na kukimbilia dukani hununua sensa ya oksijeni, na taa inarudi, kwa sababu sensa ilikuwa inasema kweli. Fundi makini hukiacha kifaa kimechomekwa akatazama asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza injini ikiunguruma bila kukanyagwa. Kisha anakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Nyongeza ikishuka, kuna hewa inayopenya, mara nyingi kwenye mpira uliopasuka. Ikipanda kadiri injini inavyobeba mzigo, mafuta hayafiki: pampu imechoka au filta imeziba. Kwa P0301, silinda ya kwanza inapokosa kuwaka, anahamishia koili yake silinda ya pili. Msimbo ukigeuka P0302, koili ndiyo mbovu, na hajatumia hata shilingi kuijua.

Nakasirika nikiona taa inafutwa tu ili gari liuzwe. Lakini udanganyifu mkubwa zaidi ulifanywa kiwandani: mwaka 2015 iligundulika kwamba Volkswagen iliweka programu iliyotambua gari la dizeli linapopimwa, ikapunguza moshi kwa muda huo tu. Magari yaliyohusika yalikuwa takriban milioni 11.

Siku hizi ugomvi ni nani aruhusiwe kuzungumza na kompyuta ya gari. Kampuni za magari zimeanza kuifungia milango kwa funguo za kidijitali. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza magari mwaka 2012, na mwaka 2020 wapiga kura wakaipanua ifike kwenye data inayorushwa bila waya. Fundi wa Ilala, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, hana sheria kama hiyo ya kumlinda, na magari yenye funguo hizo yakichakaa yataletwa kwake.