Sukari ya Kiliba, konfitiri na ugonjwa wa kisukari

Mama mmoja aliyekimbia vita kule tambarare ya Ruzizi, na ambaye sasa anahifadhiwa na familia hapa Uvira, alinionyesha kopo la konfitiri ya marakuja ambalo ndugu yake alimletea kutoka Bujumbura. Juu yake wameandika kwa Kifaransa kwamba sukari imepunguzwa. Mama huyu ana ugonjwa wa kisukari. Akaniuliza: "Mwanangu, hii naweza kula, ao nayo itaniua?"

Ni swali la afya, lakini sisi wa huku tuna historia yetu na sukari. Wazee wanaikumbuka vizuri. Katika miaka ya 1950, Wabelgiji wangali wanatawala, kiwanda cha sukari kilijengwa Kiliba, kilomita kama 15 kaskazini ya Uvira, na miwa ikapandwa katika tambarare. SUCKI ilikuwa kazi, mshahara na chai tamu asubuhi. Halafu vita ya 1996 ikafika Uvira mwezi wa kumi, na mashine zikanyamaza. Kwa miaka mingi baada ya hapo sukari tuliyokunywa ilitoka ng'ambo, nyingine ilikuja na mashua za ziwa, na mpaka ukifungwa kila mama sokoni anajua bei itakavyokuwa kesho yake.

Konfitiri yenyewe haikuanza kama kitu cha anasa. Watu walipika matunda na sukari ili yasioze. Sukari ikifika karibu 60 kwa 100, kuvu inakosa maji ya kuishi. Tena, pektini, yaani kile kinachofanya matunda yagande, nayo ilihitaji sukari nyingi pamoja na ukali wa ndimu. Kupunguza sukari kulikuwa sawa na kupata uji wa matunda unaooza upesi. Baadaye wataalamu walipata pektini ya aina nyingine, inayoganda kwa msaada wa kalsiamu, na hapo kopo kama la mama huyu likawezekana.

Sakarini, unga mtamu usio sukari, ni ya zamani zaidi. Ilipatikana mwaka 1879 huko Baltimore, Marekani, kwa bahati tu: Constantin Fahlberg alitoka maabara, akakaa mezani kula, akashangaa vidole vyake vinaonja utamu. Vita ya kwanza ya dunia ilipofanya sukari iwe haba Ulaya, watu wengi wakaizoea.

Wakati huo, mwenye kisukari kikali hakuwa na dawa. Waganga walimnyima chakula ili aishi miezi michache zaidi, na wengine walikufa kwa njaa yenyewe. Mwezi wa kwanza 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini. Miaka zaidi ya 100 imepita, lakini bado nakutana na wagonjwa walioambiwa na majirani kwamba waache kila kitu kitamu, hata embe.

Basi, kopo la mama. Kijiko kimoja cha konfitiri ya kawaida, gramu 20, kina sukari kama gramu 12, yaani vipande vitatu vya sukari ya chai. Ile iliyopunguzwa ina kidogo kuliko hapo, lakini haikosi, kwa sababu tunda lina sukari yake. Kijiko kimoja juu ya mkate hakimuui. Anachopaswa kuangalia zaidi ni ule mkate, na sahani ya bugali wa muhogo jioni, ambayo inapandisha sukari ya damu kuliko kijiko hicho. Na wale wanaobadilisha sukari kwa asali kutoka milimani, kule Mulenge na kwingine, wakidhani asali ni dawa: asali nayo ni sukari.

Kuna shida moja ambayo watengenezaji hawakuifikiria walipokuwa wakipunguza. Kopo hilo likifunguliwa linataka baridi, na familia inayolala kumi katika chumba kimoja haina friji. Kwa joto letu, ni afadhali waligawane na kulimaliza kwa siku chache. Likitoa povu au harufu ya pombe, watupe.

Jambo lingine nililomwambia linahusu wanaojidunga insulini, hasa siku za kukimbia, mtu anapojidunga asubuhi kisha akakosa chakula mpaka jioni. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari ya damu imeshuka, na konfitiri iliyopunguzwa haitamsaidia haraka. Hapo anahitaji sukari yenyewe: vijiko vitatu katika maji, anywe mara moja akiwa bado anaweza kumeza, kisha ale. Kama amezimia, asimiminiwe kitu mdomoni. Apelekwe kituo cha afya. Mama alifungua pindo la kitenge chake akanionyesha sukari kidogo, imefungwa katika kipande cha nailoni. Alitoka nayo nyumbani.