Uundaji wa modeli za pande tatu kwa michoro ya mkono

Uundaji wa modeli za pande tatu kwa michoro ya mkono ni mbinu ya kompyuta ya kugeuza mchoro uliochorwa bila rula kuwa umbo lenye urefu, upana na kina, ambalo linaweza kuzungushwa kwenye skrini na kutazamwa kutoka kila upande. Ni tawi la grafiki za kompyuta. Hutumiwa na wasanifu majengo, wabunifu wa bidhaa na watengenezaji wa filamu za katuni na michezo ya kompyuta.

Tatizo la msingi

Karatasi ni bapa, kwa hiyo mchoro hauna kina. Kihisabati, mchoro mmoja unaweza kuwa picha ya maumbo yasiyo na idadi. Mfano mashuhuri ni mchemraba wa Necker, ulioelezwa na Louis Albert Necker wa Uswisi mwaka 1832: mistari 12 inayounda kisanduku ambacho mara huonekana kutoka juu, mara kutoka chini, ingawa hakuna mstari uliosogezwa. Binadamu huchagua maana moja bila kufikiri kwa sababu amezoea kuona masanduku. Kompyuta haina mazoea hayo. Ni lazima ipewe kanuni, imwulize mchoraji, au ikisie. Tofauti kubwa kati ya programu za fani hii iko hasa katika jinsi zinavyochagua kati ya njia hizo tatu.

Tatizo la pili ni mkono wenyewe. Mistari inayopaswa kukutana huachana kidogo, na wachoraji wengi hupitisha penseli mara kadhaa juu ya mstari uleule. Programu inapaswa kutambua kwamba mistari hiyo minne ni ukingo mmoja tu.

Historia

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, alionyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Mwaka huohuo, katika chuo hichohicho, Timothy Johnson aliipanua ili ishughulikie vitu vya pande tatu.

Kwa miaka mingi baadaye, hata hivyo, kazi ya kutoka kwenye karatasi hadi kwenye modeli ilifanywa na mtu mwenyewe. Mfano unaojulikana zaidi ni buli la Utah. Mwaka 1975 Martin Newell, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, alikuwa anatafuta kitu cha kufanyia majaribio. Mke wake alipendekeza vyombo vyao vya chai. Newell alilichora buli kwa penseli kwenye karatasi yenye miraba, akilipima kwa macho tu, kisha akaenda maabara na kurekebisha kwa mkono nukta zinazoongoza mikunjo ya Bézier. Modeli hiyo ya kwanza haikuwa na kitako. Buli halisi, ambalo sasa liko katika Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko Mountain View, California, ni refu kuliko modeli iliyozoeleka.

Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, akiwemo Robert Zeleznik, walitoa mfumo wa SKETCH. Huo ulitumia ishara: mchoraji akichora mistari mitatu inayokutana kwenye nukta moja, mfumo ulitengeneza kisanduku, akichora kivuli chini ya kitu, kitu kilipandishwa hewani. Ulifaa kwa meza na nyumba, si kwa wanyama.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1999 na Teddy, programu ya Takeo Igarashi na wenzake wa Tokyo, Japani. Mtumiaji huchora mzingo uliofungwa, na programu huuvimbisha kama puto. Siri yake ni rahisi: programu hugawanya eneo la ndani kwa pembetatu, hutafuta mstari wa katikati unaofanana na uti wa mgongo, kisha huuinua mstari huo kulingana na upana wa mahali ulipo. Sehemu pana huwa nene na sehemu nyembamba, kama mkono au sikio, hubaki nyembamba. Hata mtoto anaweza kuchora dubu na kumzungusha papo hapo. Bei ya urahisi huo ni kwamba kila kitu hutoka kikiwa cha mviringo.

Kwa upande wa usanifu majengo, SketchUp, iliyotolewa mwaka 2000, ilichukua njia nyingine: mtumiaji huchora umbo bapa, kisha huuvuta uso wake kwenda juu mpaka uwe ukuta au ghorofa.

Kufikia uhalisia

Umbo peke yake hufanana na sanamu ya udongo isiyopakwa rangi. Ili lionekane halisi hufunikwa kwa picha ya ngozi, mbao au kitambaa, kisha kompyuta hukokotoa mwanga. Kanuni ya Bui Tuong Phong, iliyochapishwa mwaka 1975, ilileta mng'ao wa vitu laini. Mwaka 1980 Turner Whitted alionyesha jinsi ya kufuata miale inavyoakisiwa na kupinda katika kioo. Wengi hufanya kazi hiyo kwa Blender, programu huria isiyolipiwa: mchoro wa mbele na wa ubavuni huwekwa nyuma ya skrini, na modeli hujengwa ikifuata mistari yake. Njia hii ni ya polepole, lakini haikisii chochote.

Akili bandia

Mitandao ya neva hukisia kina kwa kujifunza kutoka kwa mkusanyiko wa modeli zilizopo, kwa mfano ShapeNet wa mwaka 2015. Mchoro wa kiti hupata miguu ya nyuma ambayo mchoraji hakuichora, kwa kuwa mtandao umeona viti vingi. Kwa vitu ambavyo mtandao haujaviona, matokeo hudhoofika. Mbuzi ya kukunia nazi inaweza kugeuzwa kigoda cha kawaida. Upande usioonekana kwenye mchoro hubaki kuwa makisio, hata picha iwe ya kuvutia namna gani, na kwa sehemu ya mashine au jengo ni lazima vipimo vyake vikaguliwe na mtu. Modeli itakayochapishwa kwa printa ya pande tatu pia haipaswi kuwa na tundu lolote katika uso wake. Buli la Newell, kwa kukosa kitako, lisingefaa bila kuzibwa kwanza.