Kinywa Kisichosema: Historia ya Utunzaji wa Meno ya Farasi



Ndugu wasomaji, kila inapokaribia Idd el-Hajj wengi wetu huenda mnadani pamoja na watoto kutafuta mbuzi wa kuchinja. Hapo hakosekani mzee mmoja mwenye uzoefu ambaye humshika mbuzi taya, akamfunua midomo na kuyatazama meno ya mbele. Watoto hushangaa na kuuliza kama anataka kumng'oa jino. Sisi huwajibu kwamba babu anasoma umri, kwani mnyama hana cheti cha kuzaliwa isipokuwa meno yake.

Leo tumependa tuzungumzie mnyama mwingine ambaye wanaadamu wamemfunua kinywa kwa maelfu ya miaka, naye ni farasi. Katika historia yake tutaona kwamba kuna kutazama meno kwa namna mbili. Iko ya kutafuta bei, na iko ya kutafuta maumivu ili yaondolewe. Namna hizi mbili hazina thamani sawa.

JINO LISILOACHA KUSOGEA

Farasi mkubwa ana meno kati ya 36 na 44. Meno yake ni marefu sana, na sehemu kubwa imefichika ndani ya taya. Kila mwaka jino hutoka nje ya ufizi kiasi cha milimita 2 hadi 3, na majani anayotafuna huchukua kazi ya kulisaga. Kwa hiyo linalotoka na linalolika huwa karibu sawasawa. Subhana-Llah!

Lakini taya la juu la farasi ni pana kuliko la chini, naye hutafuna kwa kupeleka taya upande upande. Matokeo yake ni kwamba magego hayaliki yote sawa. Ya juu hubaki na ncha kali upande wa shavu, na ya chini upande wa ulimi. Farasi anayeshinda malishoni akitafuna nyasi saa nyingi huzipunguza ncha hizo. Yule tunayemfungia bandani na kumpa nafaka hutafuna kwa muda mfupi na kwa mzunguko mdogo, hivyo ncha huzidi. Humkata shavu na ulimi, na lijamu ikivutwa maumivu huwa maradufu. Basi sehemu ya taabu hii inatokana na sisi tuliomfuga.

WAFUGAJI WA MONGOLIA

Mwaka 2018 wataalamu wa mambo ya kale walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mafuvu ya farasi waliozikwa katika makaburi ya kale ya Mongolia. Waligundua kwamba yapata mwaka 1150 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), wafugaji wa huko walikuwa wamekwisha jaribu kukata kwa msumeno jino la mbele lililoota vibaya. Huo ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa unaojulikana wa tiba ya meno ya farasi duniani.

Baadaye, yapata mwaka 750 kabla ya Nabii Isa, walianza kuling'oa jino dogo linaloota mbele ya magego. Sababu yake inaeleweka. Wakati huo lijamu za chuma na shaba zilikuwa zimeanza kutumika, nazo hukaa karibu kabisa na jino hilo. Mwanaadamu alileta chombo kipya cha kumtawala farasi, kisha akalazimika kutibu maumivu yaliyoletwa na chombo hicho.

MENO NA BEI

Wagiriki nao waliandika juu ya meno ya farasi. Xenophon, katika kitabu chake cha upandaji farasi, alimshauri mnunuzi aanze kwa kuangalia umri, na umri huo unajulikana kwa meno. Waarabu walikwenda mbali zaidi, wakaufanya umri uwe na majina yanayofuata meno: jadha', kisha thaniyy, kisha rabaa', na mwisho qaarih, yaani aliyekamilika. Msomaji wa fiqhi atayakumbuka baadhi ya majina haya kutoka katika mlango wa udhiya. Farasi hubadilisha jozi ya kwanza ya meno ya mbele akiwa na miaka miwili na nusu, ya pili mitatu na nusu, na ya tatu minne na nusu. Akifika miaka mitano kinywa kimekamilika.

Palipo na bei, udanganyifu nao haukosekani. Huko Ulaya walikuwapo wachuuzi waliochonga meno ya farasi mzee na kuyachoma kwa chuma cha moto, ili yaonyeshe vishimo vyeusi kama vya farasi kijana. Mnyama aliunguzwa kinywa ili mtu apate faida.

BAYTARI NA MUHTASIB

Katika miji ya Kiislamu mganga wa wanyama aliitwa baytar. Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, lakini elimu ilikuzwa kwa Kiarabu. Katika karne ya 9 Ibn Akhi Hizam aliandika kitabu mashuhuri cha upandaji farasi na tiba yao. Katika karne ya 14, Abu Bakr ibn al-Mundhir, baytari aliyekuwa pia mtoto wa baytari, aliandika kitabu kikubwa kwa ajili ya Sultani al-Nasir Muhammad wa Misri, aliyefariki mwaka 1341. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kifaransa katika karne ya 19.

Lakini lililotugusa zaidi limo katika vitabu vya hisba, yaani vya usimamizi wa masoko. Al-Shayzari katika karne ya 12, na Ibn al-Ukhuwwa aliyefariki mwaka 1329, waliweka mlango maalumu kwa ajili ya baytari. Walieleza kwamba kazi yake ni ngumu kuliko ya tabibu wa watu, kwa sababu mnyama hawezi kusema wapi panamuuma. Baytari hana ila macho yake na mikono yake. Kwa hiyo asiyekuwa na ujuzi na uchaji Mungu asiruhusiwe kukata wala kuchoma. Muhtasib aliyekagua mizani ya muuza nyama alitakiwa pia amkague anayeshika kinywa cha farasi.

HADI LEO NA HUKU KWETU

Siku hizi farasi hukaguliwa meno angalau mara moja kwa mwaka, na wale wachanga mara mbili. Daktari wa mifugo humpa dawa ya kumtuliza, humwachamisha kwa chuma maalumu, kisha hupiga tupa zile ncha tu, bila kulisaga jino kupita kiasi.

Huku kwetu bara, mbung'o na ugonjwa wake waliwazuia farasi wasienee. Lakini tunaye punda, na kinywa chake kimeumbwa kama cha farasi. Kule Lamu, ambako punda ndio usafiri wa mitaani, zahanati ya punda ilifunguliwa mwaka 1987. Sisi wengine tunawaona punda wakibeba maji na matofali. Akikonda tunasema amezeeka, na akikataa hatamu tunasema ni mkaidi, kisha tunaongeza fimbo.

Basi, wazazi na vijana, kabla ya fimbo tutazame kwanza. Je, anadondosha mabonge ya majani aliyoyatafuna nusu? Anainamisha kichwa upande mmoja anapokula? Mdomo wake unanuka? Kinyesi chake kina nafaka nzima? Ukiona hayo, mwite daktari wa mifugo, wala usijaribu mwenyewe kwa tupa ya fundi chuma.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kumcha Allah kwa hawa wanyama wasioweza kusema. Tukienda mnadani Idd ijayo, na mtoto akauliza tena babu anatafuta nini kinywani mwa mnyama, tumjibu kuhusu umri. Kisha tumwambie pia kwamba tukishamnunua mnyama, kinywa chake kimekuwa amana yetu, na amana huulizwa.

Wabillahi tawfiiq.